Kushoto, Katikati na Kulia: Historia ya Kupanga Sauti katika Muziki wa Pop

Katika nyimbo nyingi za pop zinazotengenezwa leo, sauti ya mwimbaji husikika katikati ya spika mbili, gitaa la besi na dramu kubwa ya mguu huwa papo hapo pamoja naye, na vyombo vilivyobaki hutandazwa kushoto na kulia kwa namna iliyozoeleka kiasi kwamba msikilizaji haulizi ni nani aliyeamua iwe hivyo. Albamu nyingi za miaka ya kwanza ya stirio, hasa zile zilizorekodiwa London kati ya 1963 na 1967, hazifuati mpangilio huo, kwa kuwa ndani yake waimbaji wote huweza kuwa upande mmoja, vyombo vyote upande wa pili, na katikati pakabaki patupu. Tofauti hiyo imewafanya baadhi ya wasikilizaji wa baadaye wawahukumu mafundi wa wakati ule kuwa hawakuijua kazi yao. Historia ya fani yenyewe inaelekeza kwenye hukumu nyingine, kwani mpangilio wa zamani na huu wa sasa vyote viwili viliamuliwa kwanza na idadi ya njia za utepe, umbo la mfereji wa santuri, mazoea ya redio na mfuko wa mnunuzi, na ladha ya kisanaa ikaja nyuma ya mambo hayo.

Msingi wa jambo lote ni masikio mawili. Mwanafizikia Mwingereza, Lord Rayleigh, alieleza mwaka 1907 kwamba binadamu hutambua upande inakotoka sauti nzito kwa kulinganisha wakati ambapo wimbi lake linafika katika kila sikio, na hutambua upande wa sauti nyembamba kwa kulinganisha nguvu yake, kwa sababu kichwa huyazuia mawimbi mafupi yasifike kwa ukamilifu upande wa pili. Tofauti ya wakati inayohusika ni ndogo mno, kwani hata sauti inayotoka ubavuni kabisa hulifikia sikio la mbali ikiwa imechelewa kwa takriban milisekunde 0.7 tu. Stirio, yaani mfumo wa kupeleka sauti kwa mikondo miwili inayojitegemea, hujengwa juu ya tabia hiyo ya kusikia: spika mbili zikitoa sauti ileile kwa nguvu iliyo sawa, msikilizaji aliyekaa katikati huisikia ikitoka mahali pasipo na spika yoyote, baina ya zile mbili, na nguvu ikiongezwa upande mmoja, sauti huonekana kusogea kuelekea huko. Kupanga sauti, kwa maana inayotumika hapa, ni kuamua kila mwimbaji na kila chombo apewe nguvu kiasi gani katika spika ya kushoto na kiasi gani katika spika ya kulia.

Wazo hilo lilitangulia muziki wa pop kwa miaka mingi. Katika Maonyesho ya Umeme yaliyofanyika Paris mwaka 1881, Mfaransa Clément Ader alitega vipokezi vya simu mbele ya jukwaa la Opera, akavipeleka jozi kwa jozi hadi kwenye ukumbi wa maonyesho, ambako msikilizaji aliweka chombo kimoja katika kila sikio na kuwatambua waimbaji walipokuwa wakihama kutoka upande mmoja wa jukwaa hadi mwingine. Nusu karne baadaye, Desemba 1931, mhandisi Alan Dower Blumlein wa kampuni ya EMI ya Uingereza aliwasilisha ombi la hataza lililoeleza karibu kila kitu ambacho stirio ingekuja kuhitaji, zikiwemo jozi za maikrofoni na njia ya kuchonga mikondo miwili ndani ya mfereji mmoja wa santuri. Kilichomsukuma kilikuwa sinema, ambamo mwigizaji aliweza kuvuka skrini nzima huku sauti yake ikiendelea kutoka mahali palepale. Mwaka 1934 vifaa vyake vilitumika katika studio za EMI za Abbey Road kumrekodi Thomas Beecham akiiongoza London Philharmonic, lakini Blumlein alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege ya majaribio ya rada, kabla soko halijawa tayari kwa uvumbuzi wake.

Nchini Marekani wahandisi wa Bell Laboratories walifuata njia nyingine. Tarehe 27 Aprili 1933 walirusha muziki wa Philadelphia Orchestra kwa waya hadi Washington, wakitumia mikondo mitatu iliyoishia katika spika tatu, za kushoto, katikati na kulia, kwa kuwa ukumbi mkubwa huwa na wasikilizaji wengi waliokaa pembeni, ambao katikati ya kuwazika iliyotajwa hapo juu huwapotea. Filamu ya Fantasia ya Walt Disney, iliyotoka mwaka 1940, iliiongezea fani hiyo chombo ambacho kingekuja kuwa cha lazima katika kila studio, yaani panpoti, kitufe cha kuzungusha kinachopunguza sauti katika mkondo mmoja kadiri kinavyoiongeza katika mwingine, hivi kwamba fundi aweze kuisogeza taratibu bila kuhamisha maikrofoni. Njia hizo mbili, ya Uingereza iliyotegemea mikondo miwili na ya Marekani iliyoanza na mitatu, ziliacha alama zinazosikika waziwazi katika santuri za baadaye.

Stirio iliingia majumbani kupitia kanda katikati ya miaka ya 1950, kisha kupitia santuri. Santuri ya kwanza ya stirio kuzalishwa kwa wingi ilitolewa na kampuni ya Audio Fidelity ya New York mwishoni mwa 1957, na mwaka uliofuata kampuni kubwa za pande zote mbili za Atlantiki zikaanza kuziuza. Kila ukuta wa mfereji, ulioinama kwa nyuzi 45, ulibeba mkondo mmoja, na sindano iliyopita ndani yake ilicheza kwa mlalo pale mikondo yote miwili ilipobeba sauti ileile, na kwa wima pale ilipotofautiana. Maelezo haya ya kimekanika yana uzito mkubwa, kwa sababu sauti nzito ikiwekwa upande mmoja tu huilazimisha sindano kupanda na kushuka kwa nguvu, na sindano ya gramafoni ya bei nafuu huweza kuruka nje ya mfereji.

Wanunuzi wa kwanza wa stirio walikuwa watu wazima wenye vipato, waliopenda muziki wa klasiki, jazi na muziki wa burudani wa bendi kubwa, na ambao walitaka kuwaonyesha wageni wao kwamba mashine mpya ilistahili gharama yake. Kwa ajili yao Enoch Light, kiongozi wa bendi aliyeanzisha lebo ya Command, alitoa albamu ya Persuasive Percussion mwaka 1959, ambamo bongo na vyombo vingine vya kugonga vilirushwa kutoka spika moja hadi nyingine mithili ya mpira wa mezani, na ambayo mwaka uliofuata ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya albamu za Marekani. Katika albamu za aina hiyo mahali pa chombo palikuwa sehemu ya bidhaa yenyewe, kwani mnunuzi alilipia kutengana kwa sauti, na fundi aliyeziacha zikaribiane angehesabiwa kuwa amemnyima alichokinunua.

Muziki wa vijana ulikuwa na uchumi wake. Bidhaa yake kuu ilikuwa santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyosikilizwa katika gramafoni ya kubebeka yenye spika moja, katika mashine za muziki za mikahawani na katika redio za masafa ya kati, ambazo nyingi zilikuwa za magari, na vyote hivyo vilikuwa vya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti. Nchini Marekani albamu ya stirio iliuzwa kwa bei iliyozidi ile ya mono kwa takriban dola 1 hadi mwaka 1967, na tofauti hiyo haikuwa ndogo kwa kijana wa shule. Redio ya stirio kupitia masafa ya FM iliruhusiwa Marekani mwaka 1961, lakini kwa miaka kadhaa ilibaki mahali pa muziki wa watu wazima. Kwa hiyo mtayarishaji wa pop, yaani mtu anayesimamia urekodi wote wa wimbo, alihesabu mchanganyiko wa mono kuwa ndiyo kazi, na ule wa stirio kuwa nyongeza iliyofanywa kwa haraka kwa ajili ya wateja wachache. Wengine waliitetea mono kwa imani: Phil Spector alirundika wapigaji wengi katika chumba kidogo cha studio ya Gold Star, Los Angeles, ili vyombo viyeyukiane vikawa sauti moja, na Brian Wilson wa The Beach Boys, ambaye sikio lake la kulia lilikuwa karibu halisikii kabisa, aliitengeneza Pet Sounds ya 1966 kwa mono.

Katika mazingira hayo ndipo utepe wa sumaku ulipopata nafasi ya kuamua mahali pa waimbaji. Njia ni ukanda mwembamba katika urefu wa utepe, unaobeba sauti yake peke yake na unaoweza kurekodiwa au kusikilizwa bila kugusa njia jirani. Mpiga gitaa Les Paul alipokea mashine ya Ampex ya njia nane mwaka 1957, na Tom Dowd, mhandisi wa Atlantic Records ya New York, akapata nyingine mwaka uliofuata, lakini hao walikuwa wa pekee. Studio nyingi kubwa za Marekani zilifanya kazi kwa njia tatu, na mpangilio uliowafaa ulikuwa kuigawa orkestra katika njia mbili za pembeni na kumwachia mwimbaji njia ya katikati, ambayo baadaye iligawanywa sawasawa katika spika zote mbili. Ndiyo maana albamu nyingi za waimbaji wa Marekani za mwishoni mwa miaka ya 1950 humweka mwimbaji katikati, kama vile msikilizaji wa sasa anavyotarajia.

Huko Abbey Road hali ilikuwa tofauti. The Beatles walirekodi sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, Please Please Me, kwa siku moja, tarehe 11 Februari 1963, kwa mashine ya njia mbili, na mtayarishaji George Martin pamoja na mhandisi Norman Smith waliweka vyombo katika njia moja na waimbaji katika nyingine. Lengo lilikuwa kupata nafasi ya kusawazisha sauti za waimbaji na za vyombo baadaye, wakati njia hizo mbili zilipounganishwa kuwa mono moja yenye nguvu. Kampuni ilipotaka toleo la stirio, hapakuwa na kitu kingine cha kupanga isipokuwa njia hizo mbili, na moja ikaenda kushoto na nyingine kulia. Kilichotengenezwa kuwa malighafi ya mono kiliuzwa kuwa stirio, na ule utupu wa katikati ni alama ya hatua ya kazi ambayo wahusika hawakuikusudia kwa masikio ya umma.

Mashine za njia nne, ambazo kundi hilo lilianza kuzitumia Oktoba 1963, zilipunguza tatizo bila kuliondoa. Dramu, gitaa la besi na gitaa la mdundo kwa kawaida vilirekodiwa pamoja katika njia moja, na sauti zilizorekodiwa pamoja haziwezi kutenganishwa tena, hivyo popote dramu ilipopelekwa, besi iliifuata. Njia zote nne zilipojaa, fundi alizihamishia kwenye utepe wa pili zikiwa zimeunganishwa katika njia moja au mbili, ili apate nafasi ya vyombo vipya, na kila uhamisho wa namna hiyo ulifunga maamuzi yaliyotangulia. Katika stirio ya Rubber Soul, iliyotoka Desemba 1965, sehemu kubwa ya vyombo iko kushoto na waimbaji wako kulia, na sababu mojawapo ya kuchagua ncha hizo mbili ilikuwa kwamba gramafoni za mono zilizotumiwa na wengi zingeziunganisha tena bila kasoro. Hapo pana hesabu ya kiufundi inayostahili kuelezwa: chombo kilichowekwa katikati hutolewa na spika zote mbili, na mikondo ikiunganishwa kuwa mono, kiwango chake hupanda kwa takriban desibeli 3 kikilinganishwa na vile vya pembeni, desibeli zikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Mwimbaji aliyewekwa katikati angeweza kuvishinda vyombo pale wimbo wa stirio ulipopigwa kwa mono, ilhali mwimbaji aliyewekwa pembeni alibaki na uwiano uleule.

Vifaa vya meza za kuchanganyia sauti viliongeza kizuizi kingine. Panpoti ilikwisha kuvumbuliwa, lakini ilikuwa adimu katika meza za taa za elektroni za miaka hiyo, na mahali pake katika meza nyingi, hasa za Marekani, palikuwa na swichi ya nafasi tatu, iliyopeleka sauti kushoto, kulia au pande zote mbili kwa pamoja. Mpangilio wa nafasi tatu, ambao mafundi wengine wanaendelea kuufuata kwa hiari hadi leo, ulikuwa kwa wengi wa wakati huo ndio pekee uliopatikana kwa urahisi.

Haja ya kuuza stirio ilipozidi kazi ya kuitengeneza, baadhi ya kampuni ziliibuni. Capitol ilitumia mfumo ulioitwa Duophonic, uliochukua mchanganyiko wa mono, ukaupunguzia besi upande mmoja na sauti nyembamba upande wa pili, na ukauchelewesha mmoja wa mikondo kwa sehemu ndogo ya sekunde. Matokeo yake yalikuwa sauti iliyotanda bila kuwa na mahali, na Pet Sounds yenyewe iliuzwa Marekani katika sura hiyo kwa wanunuzi waliotaka stirio, wakati hapakuwa na stirio ya kweli ya albamu hiyo.

Mabadiliko yaliharakishwa baada ya 1966. Vituo vya FM nchini Marekani vilianza kupiga albamu za roki kwa urefu, vijana wakanunua gramafoni zenye spika mbili na hedifoni, na kufikia 1968 kampuni za Marekani zilikuwa zikiacha kutengeneza albamu za mono. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya 1967 iko kwenye mpaka wa zama hizo mbili, kwa kuwa The Beatles walihudhuria uchanganyaji wa mono na kuushughulikia kwa muda mrefu, ilhali stirio ilimalizwa na Martin na mhandisi Geoff Emerick kwa muda mfupi zaidi, lakini ni katika stirio hiyo kwamba sauti ya John Lennon katika wimbo wa mwisho inaanzia upande mmoja na kuvuka hadi wa pili kadiri beti zinavyosonga. Mwendo wa sauti, ambao kwa Enoch Light ulikuwa maonyesho ya mashine, hapa ulianza kuwa sehemu ya maana ya wimbo.

Wengine waliufikisha mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 1967, Pink Floyd walitumia katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, chombo kilichoitwa Azimuth Co-ordinator, kilichotengenezwa na Bernard Speight wa Abbey Road, ambacho kwa mpini mmoja kiliizungusha sauti katika spika zilizowazunguka wasikilizaji. Katika studio ya Olympic, wahandisi Eddie Kramer na George Chkiantz walimtengenezea Jimi Hendrix albamu ya Axis: Bold as Love, ambayo hufunguliwa kwa magitaa yanayozunguka baina ya spika, na mwaka 1969 Kramer na mpiga gitaa Jimmy Page walizungusha panpoti kwa mikono wakati wa kuchanganya sehemu ya kati ya Whole Lotta Love ya Led Zeppelin. Kazi hizo zilifanyika papo kwa papo, kabla ya kompyuta za studio, hivyo mchanganyiko ulikuwa pia upigaji wa chombo, na kosa lilimaanisha kuanza upya.

Utulivu ulikuja pamoja na njia nane, kisha 16. Albamu ya Abbey Road ya 1969, ambayo nchini Uingereza haikutolewa kwa mono, ilirekodiwa kwa njia nane na kwa meza mpya ya transista ya EMI, TG12345, iliyokuwa na panpoti kwa kila mkondo wa maikrofoni. Mwaka huohuo The Ballad of John and Yoko ikawa santuri ndogo ya kwanza ya kundi hilo kutolewa kwa stirio nchini mwao. Chombo kilipopata njia yake, fundi aliweza hatimaye kuchagua, na uchaguzi wa wengi ulikwenda upande mmoja: besi na dramu ya mguu ziliwekwa katikati kwa sababu sindano ya santuri ilidai hivyo na kwa sababu spika mbili zilizosaidiana zilitoa sauti nzito kwa nguvu zaidi, mwimbaji alirudi katikati kwa kuwa ndiye anayeuza wimbo na hapaswi kupotea pale msikilizaji anapokaa karibu na spika moja, dramu, zilizoanza kurekodiwa kwa maikrofoni nyingi, zilitandazwa pande zote, na magitaa yaliyorekodiwa mara mbili yalitengwa kushoto na kulia. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyorekodiwa Abbey Road na mhandisi Alan Parsons na kutolewa mwaka 1973, inaonyesha utaratibu huo ukiwa umekomaa, kwani milio ya sarafu na saa huhama baina ya spika, lakini sauti ya kuimba na besi hubaki kuwa nguzo ya katikati.

Tangu hapo watunzaji wa kazi za zamani wamerudi mara kwa mara kwenye kanda za njia mbili na nne ili kuzifikisha kwenye utaratibu huo. George Martin alichanganya upya Help! na Rubber Soul kwa ajili ya diski za 1987. Pet Sounds ilipata stirio yake ya kweli katika miaka ya 1990, baada ya Mark Linett kuoanisha kanda za vyombo na za waimbaji. Na Revolver ilipotolewa upya mwaka 2022, programu za kompyuta ziliweza kuzitenganisha dramu, besi na magitaa yaliyokuwa yamefungwa katika njia moja tangu 1966. Matoleo hayo yana faida kwa anayesikiliza kwa hedifoni, lakini hayasahihishi kosa lolote, kwa sababu mafundi wa miaka ya 1960 walitimiza ipasavyo kazi waliyopewa, ambayo ilikuwa mono. Anayetaka kujua The Beatles wa 1963 hadi 1967, au Brian Wilson wa 1966, walikubali wimbo wao usikike vipi, anapaswa kuanza na matoleo ya mono, na kuisoma stirio ya zama hizo kama ushahidi wa vifaa vilivyokuwepo na wa soko lililokuwa likibadilika.